Mzee wa Stoo na Saa Nilizoziandika

Alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Wakati huo ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulikaa mfukoni mwake, kwa hiyo alijua vizuri kwamba ndani hamkuwa na mtu. Hata hivyo alibisha, akangoja kidogo, kisha akafungua. Nilimuuliza sababu mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa bado na ujasiri wa kumuuliza maswali. Akaniambia kuna siku atakuwapo mtu nyuma ya mlango ule, amebeba mashine kwa mikono miwili, na siku hiyo yeye hataki ndiyo iwe siku ya kuanza kujifunza adabu.

Jengo zima pale Upper Hill lilimwita Mzee wa Stoo. Wageni walidhani anatunza mifagio na karatasi za choo. Karani mmoja wa orofa ya chini alipanda mara kadhaa kuomba wino wa printa, na kila mara mzee alimjibu kwa upole kwamba stoo yake haina wino, ina vikohozi. Karani aliondoka akigeuka nyuma kumtazama.

Alisema kweli. Stoo yenyewe ilikuwa kompyuta ishirini na nne zilizotupwa na ofisi mbalimbali, amezipanga kwenye rafu za chuma, kila moja imevuliwa kioo chake na kibodi yake ikabaki sanduku. Peke yake kila sanduku lilikuwa takataka. Mzee aliziunganisha kwa nyaya zikawa zinafanya kazi moja kwa pamoja, na kila moja akaifanya itoe diski yake iwe mali ya zote. Ukiweka faili ndani, programu aliyoiandika kwa mkono wake ililikata vipande na kuvitawanya. Mashine yoyote iliyotaka kusoma iliita vipande kutoka kwa wenzake kwa wakati mmoja, kama watu wanaopitishiana matofali, badala ya zote kupanga foleni kwenye mlango mmoja. Na kila kipande kilikuwa na nyumba mbili. Mashine ziliishi wawili wawili, na alichokuwa nacho mmoja, mwenzake alikuwa nacho pia. Moja ikifa, data haifi.

Mimi nilimaliza kidato cha nne na hapo ndipo masomo yangu yalipokomea. Haya yote nayajua kwa sababu aliyaeleza mara nyingi sana, na hakuwahi kuyaeleza kwa maneno ambayo mama mboga asingeyaelewa. Wahandisi wenye digrii walipokuja na maneno yao marefu alikunja uso na kuwaambia waseme tena kama watu. Kwa wanawake waliofagia ngazi alikuwa na subira ya ajabu. Mmoja wao alimuuliza hizo mashine zinajuaje kipande kiko wapi, naye akaacha kazi, akakaa naye kwenye ngazi hadi muda wa chai ukaisha.

Aliishi Jamhuri na kuja kazini kwa miguu kupitia Ngong Road, mvua au jua. Alitembea haraka kiasi kwamba vijana waliotoka naye walifika nyuma yake wakihema. Chumba kilikuwa orofa ya sita, naye alipanda kwa ngazi. Lifti hakuipenda; alisema ni mashine isiyo na mwenzake, na yeye hawezi kukabidhi roho yake kwa kitu chenye nakala moja. Akishafika mlangoni aliacha viatu nje, akavaa ndara za plastiki, na ile haraka yake nayo ikabaki nje pamoja na viatu. Ndani ya chumba alisogea kama mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa. Hakujibu salamu ya mtu yeyote asubuhi kabla hajaziangalia taa zote ishirini na nne. Ukimwambia "habari ya asubuhi, Mzee" kabla ya hapo, alinyoosha kidole kimoja juu, akahesabu mpaka mwisho, ndipo akageuka na kukujibu kwa furaha kana kwamba ndiyo kwanza umeingia.

Methali ya haraka haina baraka ilimuudhi. "Mambo ya baraka waachie kanisa," alikuwa akisema. "Mimi najua haraka haina nakala."

Mtu huyu aliyefundisha mashine kugawana kila kitu hakugawana chochote. Kalamu yake aliifunga mezani kwa uzi. Chai alikuja nayo kwenye chupa, akainywa peke yake kwenye ngazi, na sikumbuki aliwahi kunikaribisha hata kikombe kimoja. Namba za simu aliziweka kichwani. Alipopoteza simu hakuhangaika, lakini alipoumwa na homa wiki nzima hakuna aliyejua ampigie nani. Nilimtania kwamba yeye mwenyewe hana mwenzake kwenye rafu. Akacheka mpaka miwani ikashuka, kisha akasema mke wake anajua kila kitu anachokijua yeye, na zaidi.

Kubwa kuliko yote ni hili. Hakuamini mashine hata moja, lakini aliamini maandishi ya mkono wa mtu. Kulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu karibu na mlango. Kila ulichofanya mle ndani ulikiandika, saa na dakika, ukaweka sahihi. Alisema mashine inaweza kudanganya bila kujua kwamba inadanganya, ila mtu akishika kalamu akaandika jina lake, mkono wenyewe hukataa uongo. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeshaona watu wengi wakiandika uongo, na nilijua mkono haukatai chochote, lakini nilinyamaza kwa sababu nilipenda kuwa karibu na mtu anayeamini hivyo.

Aliniokota kwenye ngazi. Nilikuwa mmoja wa vibarua kutoka Kangemi walioletwa kupandisha yale masanduku. Wenzangu waliyabwaga. Mimi niliyaweka polepole, kwa uoga tu wa kulipishwa. Akasimama juu yangu akaniambia, "Wewe kijana, unashika hii kitu kama mtoto ya wenyewe. Kesho rudi." Nikamwambia sina cheti cha kompyuta. Akaniuliza kama cheti kitakuja kufungua nati. Kesho yake nikarudi, na nikakaa karibu miaka mitano. Kwangu mimi hiyo ni rekodi. Sijawahi kukaa mahali pengine popote hata mwaka na nusu.

Kwa maana nina ugonjwa wa kutangatanga. Nikikaa, miguu inawasha. Ninapenda stendi za mabasi asubuhi, ninapenda kushuka mji nisioujua na kuuliza chai inauzwa wapi. Mzee alilijua hilo na alinichokoza. Ijumaa akiniona nachungulia dirishani aliuliza, "Leo ni wapi? Busia? Ama umeshamaliza Kenya unaanza Uganda?" Mwaka wa nne alinikatia ufunguo wangu. Katika jengo lote, ufunguo wa chumba kile ulikuwa kwa watu wawili, yeye na mimi. Aliuweka mezani bila neno, akaendelea kuzisoma taa zake.

Vile vikohozi vilikuwa vya daktari mmoja, mwanamke wa makamo, mtu wa maneno machache. Alikuwa akizunguka zahanati za Kangemi na vinasa sauti vinne vidogo, akirekodi watoto wenye shida ya kifua, wakikohoa, wakipumua, wengine wakilia tu. Alitaka mashine zijifunze kutofautisha kikohozi cha kawaida na kile kinachoua, ili muuguzi asiye na mtambo wa picha za kifua aweze kujua kwa kusikiliza kupitia simu. Kila kikohozi ilibidi kilinganishwe na kila kingine. Kompyuta moja ingezeeka kabla ya kumaliza. Ishirini na nne zilizogawana stoo moja ziliweza. Vinasa vikijaa alivileta kwa mzee, mzee akaingiza data, vikafutwa vikarudi kazini. Nakala nyingine nje ya chumba kile haikuwapo. Nyumba mbili zilitosha, na kwa miaka yote ile zilitosha kweli.

Alimwita "Mzee wangu". Mzee naye, aliyekunjia kila msomi uso, alimngoja mlangoni kama anangoja binti yake kutoka shule. Ni yeye peke yake niliyemwona akinywa chai kutoka kwenye ile chupa.

Sasa niseme habari ya vumbi, kwa sababu ndiyo iliyonileta kuandika haya.

Ijumaa ilikuwa siku ya kupuliza vumbi, jozi moja kila wiki. Utaratibu ulikuwa huu. Asubuhi unazima mashine ya kwanza, unangoja diski isimame kuzunguka, unaitoa nje kwenye roshani, unaipuliza, unairudisha, unaiwasha. Hapo inakuja ile sheria ya mzee ambayo wahandisi waliicheka: mashine iliyotoka nje haikuaminiwa tena. Programu iliifuta kabisa ikawa tupu, kisha ikaijaza upya kutoka kwa mwenzake, kipande kwa kipande. Wakati wa kujazwa taa yake ya kijani ilipepesa. Ikishajaa, taa ilitulia. Huchukua muda wa saa nne au tano, inategemea. Unakaa. Taa ikitulia unaandika saa kwenye daftari, unatia sahihi, ndipo una ruhusa ya kumgusa mwenzake. Kabla ya hapo mwenzake ndiye peke yake duniani mwenye kile alicho nacho.

Ijumaa hiyo mzee alikwenda Kangemi na daktari. Kulikuwa na zahanati mpya na alitaka kuona kwa macho yake vikohozi vinatoka wapi. Alivaa koti la suti. Aliniachia chumba.

Mashine ya kwanza niliirudisha saa nne asubuhi. Taa ikaanza kupepesa. Nikakaa. Saa tano nikakaa. Saa sita nilikwenda dirishani. Kulikuwa na basi la Kitale linaloondoka mjini saa tisa. Kitale sikuwa na shughuli. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyefiwa. Nilikuwa nimeota tu ule ubaridi wa asubuhi na mahindi yaliyosimama pande zote za barabara. Nikahesabu: nikingoja taa, nitapata basi la kesho, na kesho nitakuwa sitaki tena.

Saa saba taa ilikuwa bado inapepesa. Nikamzima mwenzake.

Na kwa kuwa nilishavunja kanuni moja, sikungoja hata diski isimame. Nilimnyanyua ingali inazunguka, nikageuka nikamgonga kwenye fremu ya mlango. Nikasikia mkwaruzo ndani, kama kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria. Nilimpuliza, nikamrudisha, nikamwasha. Taa yake haikuwaka vizuri. Iliwaka, ikafifia, ikawaka. Nikajiambia itajirekebisha. Nilijua haitajirekebisha.

Kisha nikaenda kwenye daftari. Niliandika kwamba saa tisa na nusu taa ya mashine ya kwanza imetulia. Niliandika kwamba saa kumi mwenzake ametolewa kupulizwa, na saa kumi na robo amerudishwa. Nikatia sahihi. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro. Niliandika saa ambazo zilikuwa hazijafika, na mwandiko wangu ulitoka mzuri kuliko siku zote.

Kitale kulinyesha. Sikuona kitu.

Jumatatu niliwakuta wote watatu chumbani: mzee, daktari na mkurugenzi wa taasisi iliyotuajiri. Vipande vilikuwa vimetawanywa kwa namna ambayo karibu kila rekodi ilikuwa na kipande kwenye jozi ile. Kwa hiyo hakikupotea kikohozi hiki au kile. Vyote vilibaki, na karibu vyote vilikuwa na pengo. Mzee alikuwa amechezesha vichache kwenye spika. Mtoto anavuta pumzi, kisha kimya, kisha analia. Hata kumbukumbu za mashine zenyewe, zile ambazo zingeonyesha ni ipi ilizimwa saa ngapi, mzee alikuwa amezihifadhi humo humo ndani ya stoo, nazo zikawa na mapengo. Kilichobaki kizima ni daftari.

Mkurugenzi aliuliza nani alikuwa zamu. Mzee akalifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wangu.

"Kijana alifuata utaratibu," alisema. "Mashine ya kwanza ilikuwa imejaa. Ya pili ikafa baadaye, na hiyo si ajabu, mashine hufa. Ya kwanza ndiyo ingepaswa kuwa na kila kitu, na haina. Ina nusu. Maana yake programu yangu iliwasha taa kabla ya kumaliza kazi. Kosa ni langu."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, ufunguo wangu mkononi. Ningeweza kusema sentensi moja. Niliitayarisha kabisa, nikaihisi mdomoni. Daktari akasema, bila kupandisha sauti, akimtazama mzee tu, "Watoto wengine hawako tena, Mzee. Hao nitawarekodi wapi?"

Baada ya maneno hayo sikuweza. Nimejiambia miaka yote kwamba ningesema kama yeye asingesema vile. Ni uongo pia.

Daktari hakumwita tena Mzee wangu. Alichukua vinasa vyake vinne akaondoka, na nikasikia kwamba ameacha ile kazi amekwenda Kisumu kufundisha. Mzee alikaa mpaka mwisho wa mwezi, akajiondoa mwenyewe. Siku ya mwisho alinishika mkono, akanishukuru kwa uaminifu wangu. Alitumia neno hilo hilo. Nami nikasema asante.

Miezi michache baadaye niliacha na mimi. Nimekuwa Naivasha nikifunga kamera za ulinzi kwenye mashamba ya maua, nimekuwa Malaba nikiuza laini za simu kwa madereva wa malori, nimekuwa Eldoret na Voi na miji mingine ambayo nikiitaja utadhani najisifu. Zamani nilisafiri kwa kupenda. Baada ya hapo kila niliposhuka kwenye basi nilikuwa mtu aliyetoroka, hata kama hakuna aliyekuwa ananitafuta. Nilikumbuka chumba kile zaidi ya nyumbani kwetu. Nilikumbuka ndara zake.

Mwaka jana nilirudi Kangemi. Nina meza ya kutengeneza simu karibu na soko. Mwaka huu, Alhamisi moja, mama mmoja mzee aliyevaa sare ya ushirika wa akina mama wa kanisa aliniletea simu iliyopasuka kioo. Nilimjua kabla hajasema neno. Alikuwa akija na mzee kwenye sherehe za Krismasi pale kazini. Naye alinitazama kwa muda, akasema, "Wewe si ndiye yule kijana wa mashine? Umezeeka, baba. Ama ni hii vumbi?"

Nikacheka, nikamuuliza habari za mzee. Akasema yupo, miguu ndiyo inamsumbua. Akasema pia, kwa namna ya mtu anayelalamikia tabia ya mumewe kwa jirani, kwamba bado anatafuta lile kosa. Ameweka mashine tatu juu ya meza ya kulia chakula na wao wanakula wakiwa wameshika sahani mapajani. "Kila siku anatafuta. Anasema hawezi kufa kabla hajajua ni wapi alikosea."

Nilimtengenezea simu yake. Mawazo yalikuwa mbali, nikaukata mkanda mdogo wa ndani, nikalazimika kuweka mwingine.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Jamhuri. Nilibisha hodi, na sauti yake ikaniambia ningoje. Alifungua mwenyewe, akiwa na fimbo. Alifurahi kuniona, na furaha ile ilinivunja mifupa. Aliniita bwana mkubwa, akaniuliza nimebakiza nchi gani. Akanivuta mpaka mezani bila kuniruhusu nikae.

Alikuwa na mashine tatu na taa tatu. Alinieleza kwa haraka, haraka ambayo zamani aliiacha nje, kwamba ameiandika programu upya mara nyingi, na mara nyingi zaidi ameirudisha ile ya zamani, neno kwa neno, aone itakosea lini. Amezima mashine katikati ya kazi, amevuta waya, amewasha pasi na birika pamoja ili umeme uyumbe.

"Haijakosea hata mara moja," alisema. "Na hapo ndipo naogopa. Kosa linaloonekana si kitu. Hili limejificha, na lilinipita." Kisha akaniambia kwamba kuna hospitali mbili na chuo kimoja waliokuwa wamechukua utaratibu wake ule wa kufuta na kujaza upya. Aliwaandikia wote waache. Aliwaambia programu yake inaua data na yeye hajui kwa nini.

Ukutani, juu ya meza, alikuwa amebandika karatasi. Ilikuwa ule mstari wangu wa daftari, ameunakili kwa mkono wake. Saa tisa na nusu. Saa kumi. Saa kumi na robo. Kutokea hapo ndipo alianza kutafuta kila siku.

Mkewe alileta chai, akatuwekea vikombe viwili, akarudi jikoni. Mzee akaanza kukoroga.

"Mzee," nikasema, "ile taa haikuwa imetulia."

"Taa gani?"

"Ya mashine ya kwanza. Ile Ijumaa. Nilimzima mwenzake saa saba. Hizo saa za hapo ukutani niliziandika tu, nikaenda."

Kijiko kiliendelea kuzunguka kidogo kwenye kikombe, kikasimama.

"Saa saba," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na ile ingine ilikuwa bado inajazwa."

"Ilikuwa bado."

"Ulikuwa na mgonjwa?"

"Hapana."

"Matanga?"

"Hapana. Nilikuwa naenda Kitale. Nilitaka tu kwenda."

Aliniambia nianze tena mwanzo. Nikaanza. Aliuliza kama nilingoja diski isimame. Nikamwambia sikungoja, na nikamwambia habari ya fremu ya mlango na ule mkwaruzo. Aliniambia niseme tena mara ya tatu, naye akafumba macho akisikiliza, midomo ikisogea, kama anayefuata hesabu ya mtu mwingine kuona kama inafika. Ilifika. Alifumbua macho akazitazama zile mashine tatu juu ya meza.

"Kumbe haikukosea," alisema.

Alisema kwa sauti ya mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto aliyemfukuza nyumbani hakuwa ameiba. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nikapiga magoti. Ni kitu cha kijinga kwa mtu wa umri wangu, magoti yenyewe yalilia. Nikaanza kusema nisamehe, akanyoosha kidole kimoja juu, kama alivyokuwa akifanya asubuhi.

"Miaka kumi na moja," alisema hatimaye. "Nimewaambia watu watupe kitu kizima. Nimekaa hapa nikidhani akili yangu iliwahi kuwa na shimo, na sijui ni lini lingine litafunguka. Na wewe ulikuwa Kitale."



"Nilikupa ufunguo," akasema.

Tulikaa hivyo mpaka chai ikatanda ngozi juu. Mkewe alichungulia, akaona, akarudi jikoni polepole. Baada ya muda mzee alichukua kalamu, akaandika namba ya simu kwenye pembe ya gazeti, bila kuitazama popote, akaikata akanipa. Ilikuwa ya daktari. Miaka yote ile hawakuwa wamesemezana, na bado ilikuwa kichwani mwake.

"Utamwambia kama ulivyoniambia. Na fremu ya mlango usiiache." Nikatoa simu palepale, nikitaka yaishe yote siku moja. Akaushika mkono wangu akaushusha. "Si leo. Leo ni yangu."

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuuliza. Hakunisindikiza. Nilipofika getini niligeuka nikamwona kupitia dirishani, amevuta kiti karibu na meza, amekaa tu mbele ya mashine zake, mikono mapajani.

Jumatatu nilimpigia daktari. Nilimweleza mimi ni nani, akanikumbuka. Nikasema yote, saa saba, diski, fremu, daftari, Kitale. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na upande wake nilisikia wanafunzi wakipita na kucheka. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: mzee anajua? Nikamwambia anajua tangu Jumamosi. Akakata simu.

Nilibaki nimeishika. Baadaye kidogo nilijaribu kumpigia mzee, kumwambia kwamba nimefanya alivyosema. Namba yake ilikuwa inatumika. Nilitengeneza simu ya mteja mmoja, nikajaribu tena. Bado ilikuwa inatumika, na ya daktari nayo ilikuwa inatumika. Nikangoja nusu saa nyingine, mchana ule wa soko, nikampigia mzee, na mama wa kwenye mtambo wa simu akaniambia tena kwamba ninayempigia anaongea na mtu mwingine.